Mji Ukiuza Pombe, Utangaze Nini?

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, iko miji zaidi ya 150 ambayo halmashauri zake zinamiliki maduka ya pombe. Hatusemi leseni, leseni hutolewa na halmashauri nyingi duniani. Tunasema maduka yenyewe: jengo ni mali ya mji, meneja ni mtumishi wa mji, karani anayepokea fedha hulipwa mshahara na mji, na faida ikipatikana huingia katika hazina ya mji. Kwa faida hiyo zimetengenezwa bustani, vimejengwa viwanja vya michezo na yamenunuliwa magari ya zimamoto. Katika miaka ya karibuni mauzo ya maduka hayo kwa jumla yamepita dola milioni 300 kwa mwaka, na faida yake halisi imepita dola milioni 20. Hiyo si biashara ya kuchezea.

Wafanyabiashara wetu husema: biashara matangazo. Lakini usemi huo, ambao kwa muuza sabuni au muuza vitambaa hauna ubishi, ukifikishwa katika duka la pombe la umma huzua swali zito. Meneja wa duka ameajiriwa auze. Diwani aliyemwajiri amechaguliwa ili alinde ustawi wa wakazi, wakiwamo wale ambao pombe imekwisha kuwaharibia nyumba. Meneja akizidisha chupa, bustani inapata maua. Lakini chupa zikizidi, hospitali na polisi nao wanapata kazi. Je, mkakati wa soko wa duka la namna hii uwe upi? Litangaze nini, na linyamazie nini?

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Sisi hatukubaliani nao. Kila halmashauri inayotoza ada ya leseni za vileo, inayopangisha jengo lake kwa mwenye baa, au inayotazamia mapato ya kilabu cha pombe ili ifunge mahesabu yake, imekwisha kuwa mbia wa muuza pombe, hata kama haijashika chupa kwa mkono wake. Mtumishi wa serikali anayeandika makisio ya mapato na mwalimu anayempokea darasani mtoto asiyelala usiku kwa sababu ya ugomvi wa walevi wanatazama jambo moja kutoka pande mbili. Yafaa walitazame pamoja.

Kwanza tukumbuke maduka hayo yalivyozaliwa. Mwaka 1919 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutekeleza marufuku ya pombe katika nchi nzima. Sheria hiyo ilijulikana kwa jina la Andrew Volstead, mbunge ambaye alitoka Minnesota hiyo hiyo. Marufuku ile haikumaliza ulevi. Iliwatajirisha wapika pombe wa magendo, ikawafanya baadhi ya polisi kuwa wala rushwa, na ikawafundisha raia wema kuvunja sheria bila haya. Mwishoni mwa 1933 ikafutwa kwa mabadiliko ya katiba, na kila jimbo likaachiwa lipange lenyewe namna ya kuuza pombe.

Hapo ndipo miji mingi midogo ya Minnesota ilipochagua njia ya kati. Haikutaka kurudi katika marufuku iliyoshindwa, wala haikutaka kuwarudishia wenye vilabu binafsi uhuru wa kuuza kwa yeyote, saa yoyote, kwa hila yoyote. Ikasema: kama pombe itauzwa, basi na tuiuze sisi, chini ya macho yetu. Sheria ya jimbo hadi leo huruhusu mji usiozidi wakazi 10,000 kuanzisha duka lake, na mji uliokwisha kuwa na duka waweza kuendelea nalo hata ukikua kupita idadi hiyo. Ndiyo maana Minneapolis na Saint Paul, miji mikubwa ya jimbo, huacha biashara hiyo kwa wenye leseni binafsi, ilhali miji inayoizunguka, kama Edina na Lakeville, ina maduka yake.

Tuzingatie sana neno moja katika historia hiyo: udhibiti. Duka la mji halikuanzishwa ili lipate fedha. Lilianzishwa ili lidhibiti. Fedha zilikuja nyuma yake. Lakini ni desturi ya fedha kwamba zikiingia kwa mlango wa nyuma, baada ya miaka michache huketi sebuleni. Wazee walioweka mpango ule walihofia ulevi. Wajukuu wao wanahofia pengo katika bajeti. Kati ya hofu hizo mbili ndipo penye mgogoro wetu.

Mgogoro huo umekuwa mkali zaidi kwa sababu ya ushindani. Mji unaweza kuzuia duka jingine ndani ya mipaka yake, lakini hauwezi kumzuia mkazi wake asipande gari akanunue mji wa pili. Kuanzia 2014 kampuni kubwa ya maduka ya pombe, Total Wine, iliingia Minnesota na kufungua maduka makubwa kuzunguka Minneapolis, yenye bidhaa nyingi na bei za chini. Halafu tarehe 2 Julai 2017 maduka ya jimbo yakaruhusiwa kwa mara ya kwanza kufunguliwa Jumapili. Chama cha maduka ya miji kilikuwa kimeupinga mpango huo, na hoja iliyotolewa ilikuwa ya mwenye duka anayejua hesabu: mauzo ya siku sita yatasambazwa katika siku saba, na mshahara wa siku ya saba utaongezeka. Hata hivyo sheria ilipita, na miji mingi ikalazimika kufungua milango ili isimpoteze mteja.

Katika hali hiyo ni rahisi kwa diwani kuitwa na meneja wake na kuambiwa: "Jirani anapunguza bei, nasi tupunguze. Jirani anatoa chupa ya tatu bure kwa anunuaye mbili, nasi tutoe. Jirani anaweka matangazo kila njia panda, nasi tuweke." Hoja hiyo inasikika vizuri. Hapana shaka ndivyo anavyofundishwa kila mwanafunzi wa biashara. Lakini kwa duka la umma ni hoja yenye kasoro kubwa.

Kasoro yenyewe ni hii. Duka laweza kukuza mauzo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumpata mteja ambaye angenunua kwingine: pombe inayonywewa ni ile ile, ila faida inahama kutoka mfuko wa kampuni kwenda mfuko wa mji. Njia ya pili ni kumfanya mteja yule yule anunue zaidi ya alivyokusudia, au kumfanya asiyekunywa aanze. Katika vitabu vya hesabu njia hizo mbili hazitofautiani. Zote huandikwa "mauzo yameongezeka". Katika maisha ya mji zinatofautiana kama mchana na usiku. Ya kwanza ni biashara halali ya umma. Ya pili ni umma kujichimbia shimo, kisha kujisifu kwa kina chake.

Ni jambo linalojulikana kwa wote waliochunguza unywaji, katika nchi nyingi, kwamba pombe hainywewi kwa usawa. Wengi hunywa kidogo. Wachache hunywa sehemu kubwa ya pombe yote inayouzwa. Kwa hiyo punguzo linalotolewa kwa anayenunua kwa wingi si zawadi kwa mkazi wa kawaida anayenunua chupa moja ya divai kwa ajili ya sikukuu. Ni zawadi kwa yule ambaye pombe imekwisha kumtawala. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo vipatavyo milioni 2.6 duniani. Duka binafsi likimvuta mtu wa namna hiyo, tunaweza kulilaumu. Duka la mji likimvuta, hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe, maana sisi ndio wenye duka.

Hili walilitambua mapema watu wa Göteborg nchini Sweden. Mwaka 1865 mji huo ulikabidhi leseni zake za kuuza pombe kali kwa kampuni moja ambayo wenye hisa wake waliruhusiwa gawio dogo tu lenye kikomo; faida yote iliyobaki iliingia katika hazina ya mji. Lakini la kujifunza zaidi ni namna walivyomlipa msimamizi wa kilabu. Msimamizi hakupata hata senti moja ya faida ya pombe kali. Chake kilikuwa faida ya chakula na vinywaji visivyolevya. Kwa hiyo msimamizi aliyetaka kujikimu alikuwa na kila sababu ya kumkaribisha mteja mezani ale, na hakuwa na sababu hata moja ya kumsukumia glasi ya pili. Hawakumhubiria msimamizi awe mwema. Walipanga mshahara wake hivi kwamba wema ukawa ndio manufaa yake. Huo ni mkakati wa soko uliofikiriwa.

Hata mpango ule haukuwa bila ila. Wakosoaji wake walisema, na walikuwa na haki kusema, kwamba madiwani waliozoea fedha za pombe hupunguza barabara ya vumbi na kodi ya nyumba kwa fedha hizo, kisha hawataki tena kusikia habari ya kupunguza unywaji. Leo nchini Sweden maduka ya pombe ya rejareja yako mikononi mwa shirika moja la taifa, Systembolaget, lililoundwa katika sura yake ya sasa mwaka 1955. Shirika hilo halitoi punguzo kwa anayenunua kwa wingi. Halimuuzii aliye chini ya miaka 20. Jumapili linafunga. Likitoa matangazo, huyatoa kueleza kwa nini lipo na kwa nini linaomba vitambulisho, si kumhimiza mtu anywe. Lakini mteja aliyeingia hupata uteuzi mpana wa bidhaa na mtumishi anayezijua. Yaani shirika limekataa kumsukuma mteja, lakini halikukataa kumhudumia. Kusukuma na kuhudumia ni mambo mawili, na meneja asiyejua kuyatenganisha hafai kupewa duka la umma.

Sasa tutazame mfano mwingine, ulio karibu nasi zaidi na mchungu zaidi. Mwaka 1908 koloni la Natal, Afrika Kusini, lilipitisha sheria iliyouwezesha mji wa Durban kujitwalia peke yake upikaji na uuzaji wa pombe ya kienyeji kwa Waafrika. Mwaka uliofuata mpango ukaanza. Halmashauri ya walowezi wa Kiingereza ikajenga kumbi za pombe, na kwa faida yake ikagharimia mabweni ya vibarua na utawala uleule uliowabana Waafrika mjini. Yaani Mwafrika alilipia mwenyewe gharama za kutawaliwa, senti kwa senti, kwa kila kata aliyokunywa. Mfumo wa Durban ukawa mfano. Katika miaka ya 1920 hata halmashauri ya Nairobi iliuiga.

Mkakati wa soko wa Durban ulikuwa nini? Haukuwa tangazo wala bei nzuri. Ulikuwa polisi. Wanawake waliokuwa wakipika pombe majumbani ili wawasomeshe watoto walivamiwa, vyungu vyao vikavunjwa, nao wakatozwa faini au kufungwa, ili wanywaji wasiwe na pa kwenda isipokuwa ukumbi wa halmashauri. Mwaka 1929 wananchi wa Durban wakazisusia kumbi hizo. Mwaka 1959, katika mtaa wa Cato Manor, wanawake wakazivamia. Na mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto walipoinuka, kumbi na maduka ya pombe ya utawala yalikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kuteketezwa. Vijana wale hawakuhitaji mwalimu wa uchumi awaeleze faida ya pombe ilikuwa ikienda wapi.

Tukiiweka Durban kando ya Minnesota tunaona kwamba umiliki wa umma pekee si jibu. Katika mahali pote pawili duka lilikuwa la mji. Tofauti ilikuwa hii: mteja wa Durban hakuwa na kura katika halmashauri iliyomuuzia, wala hakuonyeshwa hesabu, wala hakuulizwa faida itumike kwa nini. Mteja wa Minnesota ni mpiga kura. Kila mwaka Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo huchapisha taarifa ya maduka yote ya miji, duka kwa duka, faida na hasara. Na sheria inasema kwamba duka likipata hasara kwa miaka miwili katika mitatu mfululizo, halmashauri sharti iitishe mkutano wa hadhara wananchi waseme kama liendelee au lifungwe. Duka ni la umma pale umma unapoweza kulihoji na kulifunga. Vinginevyo ni duka la wakubwa lililopakwa rangi ya umma.

Nasi kwetu tunao ushahidi wa namna nyingine. Wasomaji wenye umri wanalikumbuka Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lililokuwa mali ya halmashauri ya jiji. Shirika hilo lilikuwa na kumbi za starehe, na mwaka 1983 liliichukua bendi ya Mlimani Park, iliyokuwa imeanzishwa 1978 chini ya shirika jingine la umma. Bia iliyouzwa katika kumbi hizo ilikuwa bia ile ile iliyouzwa katika baa za watu binafsi. Kilichojaza ukumbi ni muziki. Watu walivaa vizuri, wakaja na wake zao, wakacheza, na wengi wao walikumbuka nyimbo miaka mingi baada ya kusahau walichokunywa. Hatusemi kwamba hapakuwa na walevi; tunasema kwamba chombo cha umma kiliweza kuwavuta watu kwa kitu bora kuliko chupa ya bei nafuu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kutokana na mifano hiyo tunaweza sasa kueleza mkakati unaolifaa duka la pombe la mji, uwe mji wa Minnesota au mji wowote mwingine.

Kwanza, duka litangaze mji, lisitangaze kinywaji. Hoja ambayo kampuni ya mbali haiwezi kuinakili ni hii: "Faida ya duka hili inabaki hapa." Iandikwe ukutani, iandikwe katika stakabadhi, na isiwe maneno matupu. Paandikwe mwaka, kiasi, na kitu kilichonunuliwa: bustani fulani, gari fulani la zimamoto. Mkazi ambaye angenunua mji wa pili atakuwa na sababu ya kununua kwao, bila kuongeza hata tone moja katika glasi yake.

Pili, duka lishindane kwa ujuzi na mpangilio. Duka safi, lenye mwanga, lililo mahali panapofikika, lenye karani anayeweza kumweleza mteja tofauti ya divai hii na ile, humvuta mnunuzi anayetaka kitu kizuri kwa kiasi. Na hesabu inaunga mkono jambo hilo. Katika maduka ya namna hii bia ya bei ya chini huchukua nafasi kubwa na kuacha faida nyembamba, ilhali divai nzuri huacha faida nene zaidi kwa chupa. Meneja anayemsaidia mteja kuchagua chupa moja bora, badala ya kumbebesha makreti mawili ya bei ya kutupwa, anaweza kupata faida ile ile kwa lita chache zaidi. Huyo ndiye meneja wa kupandishwa cheo.

Tatu, zipigwe marufuku hila zote zinazolipa wingi: chupa ya bure kwa anunuaye nyingi, punguzo la kreti, pointi za zawadi zinazopanda kadiri mtu anavyonunua, na mikopo hadi mwisho wa mwezi. Mtumishi wa serikali anajua vizuri mkopo wa baa unavyomsubiri mtu mlangoni siku ya mshahara. Mji haupaswi kuwa mdai wa namna hiyo.

Nne, ukali wa sheria uwe sehemu ya sifa ya duka. Marekani hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 21, na sheria ya Minnesota humpa mtu aliyeumizwa na mlevi haki ya kumshitaki muuzaji aliyemuuzia mlevi huyo kinyume cha sheria. Kwa duka la mji hiyo ina maana kwamba uzembe wa karani mmoja waweza kulipiwa na walipa kodi wote. Basi karani anayemkatalia kijana, au anayemkatalia mtu mzima aliyekwisha lewa, asionekane kuwa amepoteza mauzo. Aonekane kuwa amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na meneja amtetee mbele ya mteja anayefoka.

Tano, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, mji usiishi kwa fedha hizo. Faida ya pombe iende katika kazi zenye mwanzo na mwisho: jengo, gari, uwanja. Isilipe mishahara ya walimu, wala dawa za zahanati, wala umeme wa ofisi. Uwanja wa mpira ukichelewa mwaka mmoja, watoto watacheza mahali pengine. Lakini mshahara wa mwalimu ukitegemea pombe, basi kila diwani, na hata mwalimu mwenyewe, atakuwa na sababu ya kuombea kiu ya jirani yake. Pale ambapo wema wa mtu unapingana na mshahara wake kila mwezi, tusishangae wema ukichoka.

Sita, kipimo cha meneja kisiwe mauzo peke yake. Mtu hufanya kile anachopimwa nacho. Ukimpima kwa lita, atauza lita. Apimwe kwa faida katika kila shilingi ya mauzo, kwa upotevu wa mali, kwa usahihi wa vitabu, kwa mafunzo aliyowapa makarani wake, na kwa matokeo ya ukaguzi wa kuwauzia watoto. Mkaguzi akikuta duka limemuuzia mtoto, asipate bakhshishi ya mwaka huo, hata kama ameuza kupita maduka yote ya wilaya.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba duka linalofuata masharti haya litashindwa na jirani asiye na masharti, na mwisho wa yote mji utakosa fedha na pombe itanywewa vile vile. Hoja hii si ya kudharau. Inawezekana kabisa kwamba katika mji fulani duka la umma lenye kiasi halitaweza kusimama. Lakini tuulize: likiweza kusimama tu kwa kufanya yale yale anayofanya mfanyabiashara binafsi, kwa hila zile zile na kwa wateja wale wale walioelemewa, limebakiwa na sababu gani ya kuwa mali ya umma? Udhibiti, ambao ndio uliolizaa, umekwisha kufa. Kilichobaki ni kodi iliyofichwa ndani ya chupa, nayo hulipwa zaidi na wagonjwa. Mji wa namna hiyo ni afadhali ufunge duka, utoe leseni kwa masharti makali, utoze ada ya haki, na urudie kazi yake ya ulinzi. Miji kadhaa ya Minnesota imekwisha fanya hivyo, wala haikusambaratika.

Zipo pia hatari za mshika mbili. Halmashauri inayouza pombe ndiyo hiyo hiyo inayopanga saa za kufunga, inayoamua nani apewe leseni, na inayopokea malalamiko ya majirani. Mwenye duka hawezi kuwa hakimu wa duka lake. Kwa hiyo, popote panapokuwa na mchanganyiko huo, leseni na ukaguzi viwekwe katika chombo kingine, kisichonufaika na mauzo. Jambo hili linazihusu hata halmashauri zisizomiliki duka. Nchini Kenya, kwa mfano, katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na ada za leseni ni mapato ya kaunti hizo. Afisa anayesaini leseni ya baa iliyo karibu na shule sharti ajiulize kama mkono wake unaongozwa na sheria au na lengo la makusanyo la robo mwaka.

Kwa watumishi wa serikali na walimu tunaona kazi iko wazi. Afisa mipango anapokutana na mstari wa "mapato ya vileo" katika makisio, aulize fedha hizo zinalipa nini, na kama kuna huduma ya lazima inayozitegemea, aanze mapema kutafuta chanzo kingine. Mweka hazina azibandike hesabu mahali wananchi wanapoweza kuzisoma, kwa lugha wanayoifahamu. Mwalimu, ambaye katika vijiji na mitaa mingi ndiye katibu wa kila kamati, aseme katika vikao yale anayoyaona darasani, maana yeye huona madhara ya pombe kabla hayajaandikwa katika taarifa yoyote. Na diwani akiletewa mpango wa "kukuza mauzo", aulize swali moja kabla ya kuupitisha: mauzo haya yatatoka kwa jirani yetu muuzaji, au yatatoka katika ini la mkazi wetu?

Pombe itaendelea kuuzwa. Waliojaribu kuifuta kwa amri walishindwa, na Minnesota ya Volstead ni shahidi. Wala si dhambi kwa mji kuiuza, maadamu unajua kwa nini unaiuza. Duka la umma lililosimama vizuri ni lile ambalo mkazi akinunua anajua faida inakwenda wapi, akizidisha anakataliwa kwa heshima, na akiacha kunywa kabisa mji haupati hasara ya kuogopesha. Halmashauri ambayo haiwezi kufurahi mtu wake mmoja anapoacha pombe imekwisha kuwa mfanyabiashara kama wafanyabiashara wengine, na wananchi wana haki ya kuinyang'anya funguo za duka.